Kujitangaza au kutangazwa: je, bado ni habari?



Kila mara mchezaji wa mpira wa Ulaya anapotokea mbele ya kamera na kusema kwamba yeye ni shoga, swali linarudi katika vikundi vyetu vya vijana, na mara nyingi linarudi kwa kelele. Jambo hili bado ni habari kwa sababu gani? Mmoja anasema: Ulaya wamekwisha kuzoea, wana mawaziri, wana maaskofu, sasa mtu mmoja zaidi ni nini? Mwingine anasema: mambo ya chumbani yabaki chumbani, asituletee hapa. Ukiwasikiliza vizuri, hawa wawili hawapatani juu ya kitu chochote, lakini wanafika mahali pamoja: anyamaze tu.

Nimeona ni vema tuliangalie swali hili polepole, kwa mifano ya watu wanaojulikana, kabla ya kukimbilia jibu.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Nikisema kujitangaza, nina maana kwamba mtu mwenyewe, kwa hiari yake, anasema mbele ya watu kwamba anavutwa na watu wa jinsia yake. Nikisema kutangazwa, nina maana kwamba mwingine anamsemea: gazeti, jirani, ndugu, au mwenye picha katika simu. Naomba msomaji ashike tofauti hii, sababu nitairudia. Na nisieleweke vibaya. Fundisho la makanisa yetu juu ya ndoa ni lile la Mwanzo 2 na Mathayo 19, mume na mke, na makala haya hayakuja kulibadilisha. Swali letu ni lingine: tendo lenyewe la kusema, lina uzito gani leo?

Mahali ambapo si habari tena

Tuanze na Ubelgiji, nchi tunayoijua tangu babu zetu. Wengi tunamkumbuka Elio Di Rupo, waziri mkuu mwenye tai nyekundu ya kipepeo, mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Italia. Mwaka 1996 alikuwa naibu waziri mkuu. Nchi ile ilikuwa imechafuka roho kwa sababu ya Dutroux, yule aliyeteka wasichana, na wengine wakafa. Katika joto hilo kijana mmoja akamshtaki Di Rupo kwamba alikuwa na uhusiano naye alipokuwa bado mdogo. Mashtaka yalichunguzwa, yakaonekana hayana msingi. Lakini waandishi wa habari walikuwa wamekwisha kumzunguka, na mmoja akamwuliza mbele ya wote kama ni kweli kwamba yeye ni shoga. Alijibu kwamba ndiyo, na kama kuna tatizo, liko wapi?

Tazameni alichofanya. Watu walikuwa wameunganisha vitu viwili, kuwa shoga na kudhulumu mtoto, kana kwamba cha kwanza kinathibitisha cha pili. Kwa jibu fupi alivitenganisha. Cha kwanza alikikubali mwenyewe, cha pili akaachia sheria ikichunguze. Kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kumtisha kwa siri hiyo, sababu siri haikuwapo tena.

Miaka 15 baadaye, mwezi wa Desemba 2011, akawa waziri mkuu. Ubelgiji ilikuwa imekaa siku 541 bila serikali mpya. Wabelgiji walibishana sana juu yake. Walibishana juu ya deni la nchi, juu ya ugomvi wa Waflandria na Wawaloni, na hasa juu ya Kiholanzi chake, kwa maana Waflandria walisema wazi kwamba anakisema vibaya. (Sisi Wakongo wa mashariki tunaelewa vizuri jinsi watu wanavyoweza kumhukumu kiongozi kwa lugha.) Juu ya maisha yake ya nyumbani, karibu hakuna neno. Ufaransa vilevile: Gabriel Attal alipopewa kiti cha waziri mkuu mwezi wa Januari 2024, magazeti yaliandika zaidi juu ya umri wake, miaka 34, kuliko juu ya jambo lingine lolote. Na katika mpira wa wanawake, wachezaji wengi wa Marekani na Ulaya wanajulikana wazi kwa habari hii, na kocha anawapanga bila mtu kuuliza.

Kwa hiyo wale wanaosema "si habari tena" hawadanganyi. Kuna mahali ambapo imekuwa hivyo. Ila haikuwa hivyo yenyewe. Ilifika hapo kwa sababu watu fulani walisema wakati kusema kulikuwa na bei.

Justin Fashanu

Sasa tuje kwenye mpira wa wanaume, ule ambao vijana wetu wanaufuata kila Jumamosi, umeme ukiwapo au jenereta ikinguruma.

Justin Fashanu alizaliwa London tarehe 19 Februari 1961, baba yake Mnigeria na mama yake kutoka Guyana. Wazazi walipoachana, yeye na mdogo wake John walipelekwa katika nyumba ya watoto, kiisha wakalelewa na familia ya Wazungu kijijini, huko Norfolk. Alikuwa na kipaji kikubwa. Mwaka 1980, akichezea Norwich City, alifunga goli dhidi ya Liverpool lililochaguliwa kuwa goli bora la msimu kwenye televisheni ya BBC. Mwaka 1981 Nottingham Forest wakamnunua kwa pauni milioni 1, na hakuna mchezaji mweusi wa Uingereza aliyekuwa amewahi kununuliwa kwa bei hiyo.

Huko Forest mambo yaliharibika. Kocha Brian Clough alisikia kwamba kijana anaonekana katika mahali pa starehe pa mashoga. Akamfokea, akamzuia hata kufanya mazoezi na wenzake. Hapa bado hatujafika kwenye kujitangaza. Hapa ni mnong'ono tu, na tayari mnong'ono umemnyang'anya mtu kazi. Kiisha akaumia goti, na kipaji kile hakikurudi kamwe kama zamani.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na linatuhusu sisi, ni hili: katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980, Fashanu alimpokea Yesu, akawa mtu wa kanisa, akashuhudia wazi kwamba ameokoka. Kwa hiyo alibeba siri yake katika chumba cha wachezaji, na aliibeba vilevile katika viti vya ibada.

Tarehe 22 Oktoba 1990 gazeti la The Sun liliweka habari yake ukurasa wa mbele. Ni yeye mwenyewe aliyekubali kuongea nalo, na alilipwa pesa. Watu wengi walimlaumu kwa hilo. Lakini alijua kwamba magazeti ya namna ile yanawinda habari za watu kama yeye, na kwamba asipouza yeye, atauza mwingine. Je, huo ni uhuru? Mimi ningeuita uhuru wa nusu. Alijitangaza akiwa na mtu nyuma yake aliyekuwa tayari kumtangaza.

Kilichofuata kinajulikana. Mashabiki walimzomea. Klabu kubwa hazikumtaka, naye akaendelea kuzunguka katika klabu mbalimbali, kama vile Torquay United na Hearts ya Scotland. Mdogo wake John, aliyekuwa mchezaji maarufu wa Wimbledon, alimkana wazi katika gazeti la The Voice, linalosomwa na watu weusi wa Uingereza. Mwezi wa Machi 1998 kijana wa miaka 17 huko Maryland, Marekani, akamshtaki kwamba amemshambulia kimwili. Mashtaka ya namna hiyo ni mazito, hatupaswi kuyapitisha kama upepo. Kesi haikufika mbele ya hakimu. Fashanu alirudi Uingereza, na mwezi wa Mei 1998 akajitoa uhai, akiacha barua ya kukana. Alikuwa na miaka 37. Nani alisema kweli, mimi siwezi kuhukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu yule alipofika mwisho wa nguvu zake hakuwa na timu wala ndugu wa kumkimbilia.

Miaka mingi baadaye John alisema hadharani kwamba anajuta. Binti yake, Amal, ametengeneza filamu ya televisheni juu ya baba yake mkubwa na anafanya kazi kwa jina lake. Mwaka 2020 Justin aliingizwa katika orodha ya heshima ya makumbusho ya taifa ya mpira huko Uingereza. Sifa hizo zilimkuta amekwisha kulala kaburini miaka 22.

Miaka 32 ya kimya

Baada ya Fashanu, wangapi wengine walijitangaza wakiwa bado wanacheza kama wataalamu Uingereza? Ilichukua miaka 32 kumpata mmoja. Thomas Hitzlsperger, Mjerumani aliyechezea Aston Villa na taifa lake mara 52, alisema mwezi wa Januari 2014, lakini alikuwa amekwisha kustaafu. Mwaka 2021 Josh Cavallo wa Adelaide United alisema huko Australia. Kiisha tarehe 16 Mei 2022 ikafika zamu ya Jake Daniels wa Blackpool. Alikuwa na miaka 17.

Linganisheni na Fashanu. Daniels aliwaambia kwanza mama yake na dada yake. Siku iliyofuata, alisema, alicheza mechi ya vijana akafunga magoli manne. Kiisha akawaambia viongozi wa klabu na wenzake. Mwishoni kabisa ndipo akaongea na televisheni. Hakuna gazeti lililomtangulia, hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemfukuza. Mtoto wa mfalme na waziri mkuu walimpongeza. Mwaka uliofuata Jakub Jankto, mchezaji wa taifa la Czech, alijitangaza, na baada ya miezi michache akahamia Cagliari na kucheza katika ligi kuu ya Italia kama mchezaji mwingine yeyote.

Basi mtu atasema: mnaona, imekwisha. Lakini hesabu yenyewe inakataa. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza 1992. Maelfu ya wanaume wamepita humo, na hakuna hata mmoja aliyejitangaza akiwa bado anacheza ndani yake. Katika bunge la Ubelgiji si habari, katika mpira wa wanawake si habari, lakini katika ligi inayotazamwa kuliko zote duniani kimya ni kile kile. Kimya cha namna hiyo hakiwezi kuja kwa bahati.

Kinakuja kwa njia tatu hivi ninazoziona. Mashabiki: Cavallo alitukanwa uwanjani miezi michache tu baada ya kusema, na Uingereza mwaka 2022 waendesha mashtaka walilazimika kutangaza kwamba wimbo mmoja wa zamani wa kuwatukana Chelsea ni kosa la chuki. Kuna pia soko. Mchezaji ni bidhaa, naomba radhi kwa neno hilo lakini ndivyo ilivyo. Kila mwaka anapangiwa bei, na wakala wake anajiuliza kama klabu ya nchi fulani itakataa kumnunua. Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Qatar, ambako sheria inamwadhibu mtu wa namna hiyo, na Cavallo alisema wazi kwamba angeogopa kwenda. Na kuna umri. Wengi wa wachezaji hawa ni vijana wa miaka 17, 19, 21, wanaokaa pamoja mwaka mzima, na nani kati yetu alikuwa na ujasiri wa kuwa tofauti katika umri ule?

Neno moja juu ya vitambaa vya rangi za upinde wa mvua, sababu najua mtaniuliza. Mwezi wa Desemba 2024 picha ya Marc Guehi, nahodha wa Crystal Palace, mzaliwa wa Ivory Coast na mtoto wa mtumishi wa kanisa, ilizunguka katika simu zetu. Alikuwa amevaa kitambaa hicho na kuandika juu yake kwamba anampenda Yesu. Na mwezi wa Mei 2022 Idrissa Gueye wa Senegal aliripotiwa kukosa mechi ya Paris Saint-Germain ili asivae jezi yenye rangi hizo. Tumebishana juu ya mambo hayo hadi sauti zikakauka. Mimi naona mabishano hayo yanatupoteza njia. Kitambaa kinavaliwa dakika 90, kinafuliwa, kinarudishwa katika sanduku. Mtu anaweza kukikataa kitambaa kwa dhamiri safi na bado akakaa meza moja na mwenzake aliyejitangaza. Na klabu inaweza kuwavika wote kitambaa huku kijana aliye ndani yake akiendelea kuogopa. Guehi na Daniels ni watu. Kitambaa ni nguo.

Kanisa lililoadhibu kusema

Tusiutupie mpira peke yake mawe. Ndugu zetu Wamethodisti, walio wengi Katanga na Maniema, wanajua historia hii vizuri. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Kanisa la Muungano la Methodisti uliweka kanuni: asiwekewe mikono mtu anayeishi maisha ya ushoga na ambaye amekiri mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo nataka tuyaangalie. Kanuni haikumhusu tu mtu kwa anavyoishi. Ilihitaji pia kwamba awe amesema. Matokeo yake ni rahisi kuyafahamu. Mchungaji aliyenyamaza alibaki na mimbari yake. Aliyesema ukweli aliipoteza. Huko Philadelphia mchungaji Beth Stroud aliliambia kanisa lake mwaka 2003 kwamba anaishi na mwanamke, na mwaka 2004 akavuliwa utumishi.

Mwaka 2024, katika mkutano wa Charlotte, kanuni hiyo ilifutwa kwa kura 692 dhidi ya 51, na Stroud akarudishwa. Wamethodisti wa Ivory Coast wakapiga kura kutoka mwezi uleule wa Mei. Mtu anaweza kuulilia uamuzi ule wa 2024, na wengi katika bara letu wameulilia. Lakini hata anayeulilia ajiulize juu ya ile miaka 40: kanuni inayomwacha salama aliyeficha na kumwadhibu aliyesema, inawafundisha watumishi wa Mungu nini? Inawafundisha kuficha. Na mwenye kuficha daima yuko chini ya yule anayejua.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu. Kujitangaza kunaendelea kuwa na uzito mahali popote ambapo siri ya mtu inaweza kuuzwa. Ubelgiji ya Di Rupo siri ile haina mnunuzi tena, ndiyo maana si habari. Katika mpira wa wanaume bado ina wanunuzi.

Na kwetu?

Kwetu ina wanunuzi wengi kuliko Uingereza ya 1990.

Katika Kongo sheria ya adhabu haiutaji ushoga kama kosa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inasema juu ya ndoa, kwamba ni pamoja na mtu wa jinsia nyingine, basi. Lakini sisi wa mashariki tunaishi mpakani. Mwenye kuvuka Kasindi anaingia Uganda, ambako sheria ya 2023 inatoa kifungo cha maisha na, kwa hali fulani, hata kifo. Mahakama ya katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame mwezi wa Aprili 2024. Mwenye kutoka Uvira kwenda Bujumbura anaingia nchi ambako tangu 2009 kuna kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Washirika wetu wengi ni wakimbizi katika kambi za Uganda. Kwao neno moja la jirani linaweza kufika polisi kabla ya jua kuzama.

Na hata bila sheria, kuna simu. Wachungaji wanaofanya ushauri mijini wanajua jinsi inavyokwenda. Mtu anapata ujumbe au picha ya mwenzake, anaomba dola 20. Wiki ijayo 50. Kijana anaiba nyumbani kwao ili alipe. Akishindwa, picha inatumwa kwa baba mdogo, au katika kikundi cha kwaya, na familia inamtoa nje usiku. Siku hizi ambapo simu ya mtu inaweza kuchunguzwa kwenye barieri, hatari imeongezeka.

Kwa sababu hiyo simshauri kijana wa Butembo au wa Bukavu kusimama mbele ya watu na kujitangaza kama Daniels. Daniels alikuwa na mama, klabu, sheria na polisi nyuma yake. Kijana wetu ana nini? Ninachosema kinawahusu zaidi sisi wengine, tunaosikia.

Maandiko yanatupa watu wawili wa kuangalia. Katika Mwanzo 9 Nuhu amelewa, yuko uchi hemani. Hamu anamwona, anatoka nje na kuwaambia ndugu zake. Habari ya Hamu ilikuwa ya kweli; hakuongeza kitu. Shemu na Yafethi wanachukua vazi, wanaingia kinyumenyume wasione, wanamfunika baba yao. Tunajua laana ilielekea upande gani. Na katika Mathayo 1:19 Yusufu anaona kwamba Maria ana mimba isiyo yake. Kwa jinsi alivyojua siku ile, sheria ilikuwa upande wake. Aliazimu kuachana naye kwa siri, asimwaibishe mbele ya watu, na mwinjili anamwita mwenye haki kabla malaika hajamwambia lolote. Alipata jina hilo akiwa bado anadhani kwamba Maria amekosa. Ndugu anayeniambia kwamba hawezi kumfunika mtu asiyekubaliana na maisha yake, namwomba asome tena mstari huo.

Kufunika huku kuna mpaka, na nauandika wazi. Mtoto akidhulumiwa, awe wa kike au wa kiume, na mkubwa yeyote, hata awe mchungaji, hapo hakuna siri. Hapo tunakwenda kwa wazazi na kwa sheria. Tusirudie kosa la wale wa 1996 la kuunganisha mambo mawili. Na tusilifanye pia kwa upande wa pili, kwa kufunika dhuluma kwa jina la huruma.

Lakini mtu mzima, au kijana, akija ofisini kwako jioni akasema jambo hili kwa mara ya kwanza katika maisha yake, huyo amejitangaza kwako. Kwake wewe ndiwe uwanja mzima wa mpira. Usimwite mzee wa kanisa asikilize. Usimpeleke kwenye maombi ya kukemea mbele ya mkutano, sababu hapo umekwisha kumtangaza. Usimwambie mke wako mezani. Mwulize kwanza kama yuko salama nyumbani na kama kuna mtu anayemwomba pesa. Fundisho la kanisa analijua, amelisikia tangu shule ya Jumapili; mtaongea juu yake, lakini si lazima iwe jioni ile. Wazazi wakija wakilia, waambie kwamba kumfukuza mtoto ni kumkabidhi kwa wale wenye picha.

Na ikiwa picha imekwisha kuingia katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya au cha vijana, mwenye kusimamia kikundi aifute usiku uleule, asisubiri kikao. Aliyeituma aitwe peke yake, kwa njia ya Mathayo 18:15, na aulizwe aliipata wapi, na kama kuna pesa alizoomba kabla ya kuituma.